Kwani chuo cha ufundi cha hapa Amu ni cha waliofeli? Jibu kwa mama wa Langoni

Swali: "Asalaam aleikum. Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi mtaa wa Langoni hapa Amu (Lamu). Binti yangu wa pili amemaliza fomu foo amepata D+, na kila mtu ananiambia nimpeleke chuo cha ufundi hapahapa, lakini mwenyewe analia ati hicho ni chuo cha waliofeli. Kakangu yuko Chicago, mwanawe anasoma kitu wanaita komyuniti koleji na wanajivunia kabisa. Sasa nauliza, chuo cha mji mdogo kama huu kina kazi gani hasa kwa watu wa eneo lake? Au ni mahali pa kuwaweka watoto wasizurure?"

Waaleikum salaam dadangu. Swali lako limenikaa moyoni, manake nimefundisha vyuo vya ufundi hapa Pwani miaka mingi na kila muhula wa kwanza namuona yule mtoto anayekuja na mzazi wake kuchukua fomu huku ameinamisha kichwa, hata jina lake analitaja kwa sauti ya chini. Kwa hivyo ntakujibu kwa urefu, univumilie.

Nianze na huko kwa kakako, maana wengi wetu tunalijua jina tu. Chuo cha kwanza cha serikali cha aina hiyo ambacho bado kipo kilianza 1901 mji wa Joliet, si mbali na Chicago. Mkuu wa sekondari ya pale, J. Stanley Brown, alielewana na rais wa Chuo Kikuu cha Chicago, William Rainey Harper, kwamba masomo ya miaka miwili ya mwanzo ya chuo kikuu yasomeshwe palepale Joliet, mtoto asilazimike kuhama kwao. Walianza na wanafunzi 6. Sita tu, dadangu, hata mashua moja ya kwenda Shela haijai. Chicago yenyewe ikafuata 1911, na leo ule mji una vyuo 7 vya namna hiyo vilivyo chini ya usimamizi mmoja. Mwaka 1947 tume iliyoundwa na Rais Truman ikapendekeza vyuo vya karibu na vya bei ya mwananchi vienezwe nchi nzima, na ndo hilo jina la chuo cha jamii likashika. Sasa hivi viko kama 1000 Marekani nzima.

Ukitaka kujua kwa nini mwana wa kakako anajivunia, tazama mlango wake. Hawaulizi sana umepata gredi gani. Ukimaliza sekondari unaingia, na hata mtu mzima ambaye hakumaliza kuna njia yake ya kuingia. Darasa moja utamkuta kijana wa miaka 18 anayetaka kusoma miaka miwili halafu ahamie chuo kikuu aingie mwaka wa tatu, pembeni yake mama wa miaka 40 anayesomea uuguzi usiku baada ya kutoka kazini, na nyuma yao mgeni aliyefika nchi ile juzi anajifunza Kiingereza. Wote wanasoma chuo kimoja na hakuna anayemuuliza mwenzake amefeli nini.

Halafu kuna jambo la pili ambalo kwangu mimi ndo kubwa zaidi. Kile chuo kinatazama jirani yake anafanya nini. Hapo Chicago, Malcolm X College iko karibu na mtaa wa mahospitali na imeshikilia masomo ya afya, Olive-Harvey iko upande wa kusini imechukua usafirishaji na shughuli za mizigo. New York, mtaa wa Queens, kuna LaGuardia Community College iliyofunguliwa 1971 ndani ya jengo lililokuwa kiwanda, na tangu mwanzo wanafunzi wake walikuwa wanatolewa darasani kwa miezi kadhaa wakafanye kazi kwenye makampuni ya mjini halafu wanarudi, na hiyo kazi inahesabika kama somo. Sehemu nyingi bodi ya chuo inachaguliwa na wakazi kwa kura na sehemu ya pesa inatoka kwenye kodi ya nyumba na ardhi ya eneo lilelile, kwa hivyo mwenye duka na mwenye nyumba wana haki ya kuuliza, chuo chetu kimetufanyia nini mwaka huu?

Lakini usidhani huko ni peponi. Wengi wanaingia na hawamalizi. Kwa miaka mingi mwanafunzi aliyeonekana dhaifu alirudishwa kwenye masomo ya marudio ya hesabu na Kiingereza, muhula wa kwanza, wa pili, wa tatu, analipa na hajapata hata alama moja ya kuhesabika, mwisho anachoka anaenda zake. Nalisema hili kwa sababu mlango kuwa wazi ni nusu tu ya kazi. Nusu nyingine ni kumshika mkono mtu mpaka atoke upande wa pili, na hapo hata sisi tunaanguka sana.

Sasa turudi nyumbani. Watu wakisema hili jambo ni la kizungu mimi huwaambia waende msikiti wa Riyadha hapa mjini wakaangalie. Mwisho wa karne ya 19 Habib Swaleh, mwanachuoni aliyetoka Ngazija (Komoro), alianza kusomesha watu ambao wakati ule hawakuwa na nafasi kwenye darasa za wakubwa wa mji, watu wa kazi za mikono, wageni, hata waliotoka kwenye utumwa na watoto wao. Alikuwa akiishi hukohuko Langoni kwenu na akiwatibu watu kwa miti shamba. Pale pakakua msikiti na chuo ambacho wanafunzi walikuja kutoka Afrika Mashariki nzima, na mpaka leo ukienda wakati wa Maulidi utaona watu waliofika kutoka mbali kwa sababu ya pale. Najua ni elimu ya dini, siichanganyi na weldingi. Ninachosema ni kwamba mji wetu ulishawahi kuwa na mahali palipofungua mlango kwa aliyefungiwa na eneo zima likabadilika kwa sababu hiyo, kwa hivyo hatuanzi kutoka sifuri.

Na Pwani tulikuwa na MIOME pia, wazee wako wanaikumbuka, ile taasisi ya Mombasa iliyoanza kupokea wanafunzi 1951 kuwafundisha vijana Waislamu ufundi. Mwaka 1966 ikawa Mombasa Technical Institute, 1972 ikawa Mombasa Polytechnic, 2013 ikawa chuo kikuu kamili, ndo hii TUM ya leo (Technical University of Mombasa). Nafurahi kwa mafanikio hayo, kweli kabisa. Ila kila chuo cha ufundi kikipanda cheo, macho ya kila mtu yanaenda juu kwenye digrii, na yule kijana wa D- aliyetaka kujifunza kutengeneza mashine ya mashua anabaki anaangalia geti. Ndiyo maana vyuo vidogo vya mji kama wetu vina umuhimu, na ndiyo maana naumia nikisikia mkuu wa chuo fulani anasema ndoto yake ni siku moja chuo chake kiwe yunivasiti. Kwa nini? Kazi aliyonayo sasa bado haijafanywa na mtu mwingine yeyote.

Kuna na suala la sheria ambalo linawachanganya wazazi. Katiba ya 2010 iliwapa kaunti zile politekniki za vijiji, ambazo sasa tunaziita vituo vya mafunzo ya ufundi, na vyuo vya juu yake vikabaki kwa serikali kuu. Kwa hivyo ukilalamika kwa gavana kuhusu chuo cha serikali kuu atakwambia si changu, na ukienda kule Nairobi kuhusu kituo cha kijijini watakurudisha kwa kaunti. Mtoto anayetoka kituo cha kijijini na kutaka kupanda chuo cha mjini anajikuta katikati ya mabwana wawili wasiozungumza. Kazi moja ya chuo cha mji ni hiyohiyo, kuvishika mkono vituo vya Mpeketoni na Faza na Witu, mtoto akimaliza kule ajue moja kwa moja anaingilia wapi huku.

Nije kwenye eneo letu lenyewe sasa, hapa ndo ningependa unisikilize vizuri.

Mji wetu una bahari katikati ya chuo na wanafunzi wake. Mtoto wa Faza au Kizingitini, kule kisiwa cha Pate, akitaka kuja Amu anapita Mkanda, ule mlango mwembamba wa bahari, na Mkanda unaujua, kwa miaka mingi maji yakipwa mashua ilikuwa inapwelewa, mnakaa juani mnasubiri maji yajae. Niliwahi kuwa na mwanafunzi kutoka upande wa Pate aliyekuwa akichelewa kila baada ya siku kadhaa, mwalimu wa zamu akamwandikia barua tatu za onyo. Siku moja nikachukua daftari la mahudhurio nikaliweka karibu na ratiba ya maji, na zile siku zote alizochelewa zilikuwa siku ambazo maji ya asubuhi yalikuwa yamepwa. Hakuwa mvivu hata kidogo. Tulibadilisha tu, siku hizo somo lake la karakana likahamishiwa alasiri, na akamaliza kozi. Nasema hivi kwa sababu chuo kilichopangiwa ratiba na mtu ambaye hajawahi kupanda mashua kitawapoteza watu wa visiwani wote na kisha kitaandika kwenye ripoti kwamba hawapendi elimu.

Vilevile msimu. Wakati wa kusi bahari inachafuka na mashua ndogo nyingi zinakaa, kuanzia Mei mpaka Agosti hivi, wavuvi wako nyumbani wanashona nyavu. Kaskazi ikirudi hakuna mvuvi utakayempata darasani hata umlipe. Sasa kwa nini kozi fupi za wavuvi zisiwekwe kwenye kusi? Wiki sita za kutengeneza mashine, wiki mbili za kutumia jipiesi na redio ya boti, wiki moja ya kuhifadhi samaki kwa barafu. Hivi ni vitu vidogo dadangu lakini tazama pesa inapopotelea, mvuvi anapata kamba wazuri Kizingitini, barafu haitoshi, mnunuzi anajua haitoshi, bei anapanga mnunuzi.

Na bandari je? Mradi wa LAPSSET, ule wa bandari ya Lamu na njia za kuiunganisha na Sudan Kusini na Ethiopia, ulizinduliwa Machi 2012, na gati la kwanza la bandari ya Kililana likafunguliwa Mei 2021. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua wavuvi walioathirika, kama 4,600, walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Kila mtu alizungumza kuhusu hiyo fidia na ilikuwa haki yao. Lakini mvuvi ambaye sehemu yake ya kuvulia imechimbwa, ukimpa pesa bila kumfundisha kwenda nje ya mwamba bahari kuu, na chombo gani, na mashine gani, na usalama gani, ile pesa itaisha na yeye bado yuko ufukweni. Hiyo kazi ya kumfundisha ni ya nani? Bandari haiwezi kuifanya, mahakama haiwezi. Ni ya chuo cha hapa. Tena kijana wetu akitaka kazi ndani ya bandari, ile ya kuendesha mashine za kupakia, umeme, majokofu ya makontena, uwekaji wa rekodi za mizigo, asipopata setifiketi hapa karibu atakuja mwenzake kutoka mbali nayo mkononi, na hatutakuwa na la kumlaumu.

Jambo lingine ni huu mji wenyewe. Mji mkongwe wa Amu uliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia wa UNESCO 2001. Nyumba zetu ni mawe ya matumbawe, boriti za mkoko na chokaa. Leo mwenye nyumba ukuta ukimomonyoka anaita fundi, fundi anajua saruji tu, anapiga lipu ya saruji juu ya ukuta wa matumbawe. Ukuta wa zamani unavuta maji ya chini na kuyatoa taratibu kupitia chokaa, sasa ukiufunika na saruji yale maji yanabaki ndani na chumvi yake, baada ya mvua mbili tatu lipu inavimba, unaigusa kwa kidole inatoka vipande vikubwa na unga mweupe nyuma yake. Mwenye nyumba analipa tena. Nimewahi kumshika mwanafunzi mkono nikamuwekea kiganja juu ya ukuta wa namna mbili, ule wa chokaa na ule wa saruji, saa nane mchana, mwenyewe akanambia, mwalimu, huu wa chokaa una baridi na huu wa saruji umelowa. Hiyo ndo elimu ambayo haipatikani Nairobi, na waashi wazee wanaoijua, wa kuchoma na kuloweka chokaa na kuchonga zidaka (vile vishubaka vya ukutani), wanazidi kupungua. Chuo cha Amu kisiposomesha hiyo, nani aisomeshe?

Na hao wazee wenyewe. Nenda Matondoni utamkuta fundi wa majahazi aliyeanza na tezo na keekee akiwa na miaka kumi, anapanga mataruma, zile mbavu za chombo, kwa jicho, hana mchoro, anakalafati chombo, yaani anaziba nyufa za mbao, na hakiingizi tone. Karatasi hana hata moja. Kenya sasa kuna utaratibu wa kutambua ujuzi ambao mtu ameupata nje ya darasa, anapimwa kwa kazi ya mikono yake na kupewa cheti cha ngazi anayostahili. Chuo cha mji ndicho kinaweza kumfuata kule aliko na kumpima, halafu kikamwajiri awe mwalimu wa muda. Ukifanya hivo umemsaidia mzee, umepata mwalimu bora, na watoto wanaona kumbe chuo kinaheshimu kazi ya babu zao.

Sasa binti yako. D+ si kufeli kama anavyoambiwa. Kwa mpango wa sasa, diploma ambayo ni ngazi ya 6 inataka C-, ngazi ya 5 inataka D, na chini ya hapo kuna ngazi ya 4 na ya 3. Yeye anaingia ngazi ya 5 bila kubembeleza mtu, akimaliza anapanda ya 6, na kutoka 6 milango ya chuo kikuu ipo kama atataka. Maombi yanapita KUCCPS, ile ofisi ya serikali ya kupanga nafasi za vyuo, na mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, unawafikia hata wa vyuo vya ufundi, usikubali mtu akwambie ni wa yunivasiti peke yake. Na kuna faida moja ambayo najua mama yeyote wa hapa anaifikiria lakini haandiki, kwamba atasoma na kulala kwao. Nimeona wasichana wengi wazuri wakikosa kozi kwa sababu baba hakutaka aende kupanga chumba Mombasa, na simlaumu yule baba, kodi yenyewe tu ni ngumu. Chuo kikiwa hapa hiyo kesi inaisha.

Ila usimpeleke kwa upofu. Kabla hujalipa chochote nenda naye mwenyewe siku ya kazi, si siku ya sherehe, na mwombe mwalimu awaonyeshe karakana. Angalia kama mashine zina vumbi au zina mafuta. Kwenye kozi ya umeme uliza wanafunzi wangapi wanagawana mita moja. Uliza wale waliomaliza mwaka juzi wako wapi sasa, na kama hakuna hata mtu mmoja pale anayeweza kukutajia watatu, hilo ni jibu tayari. Uliza atachimenti, yale mafunzo ya kazini, wanatafutiwa na chuo au kila mtoto anajitafutia. Uliza kama kozi yenyewe imeidhinishwa na TVETA, mamlaka ya serikali inayosimamia vyuo vya ufundi, wakuonyeshe karatasi, hakuna ubaya kuomba. Chuo kimoja niliwahi kufanya kazi kilikuwa na kompyuta 20 kwenye ripoti na chumbani zinawaka 4, na wazazi walikuwa wanalipa kwa hesabu ya 20.

Kuhusu kozi gani, siwezi kumchagulia mtu nisiyemjua. Muulize yeye anapenda kushika nini. Ila nikitazama mahitaji ya hapa naona majokofu na viyoyozi vina nafasi kubwa, mahoteli ya Shela, wauza samaki na bandari wote wanamtafuta fundi mmoja yuleyule, na wasichana wanaifanya vizuri sana, nimewafundisha. Umeme wa sola pia, visiwa vile vya juu vinautegemea. Ushonaji na upishi ni kozi nzuri, lakini asisukumwe huko kwa sababu tu ni msichana.

Na huyo binamu yake wa Chicago, mwambie binti ampigie simu waongee wenyewe kwa wenyewe. Amuulize siku yake ya kwanza chuoni ilikuwaje na kozi yake ina karakana ya namna gani. Nadhani wakikata simu atakuwa na maswali yake mwenyewe ya kwenda kuuliza pale ofisini, na hayo ndiyo utakayoyabeba siku mkienda kuchukua fomu.